Walioketi Nyuma

Kwa Ekegusii, baba ni mama. Mtoto wa Kisii akianguka na kulia "baba!" anamwita mama yake, mzazi wa kiume ni tata. Sasa weka hilo kichwani, halafu fikiria mwinjilisti mgeni amesimama chini ya mti, miaka ya 50 mwanzoni, anawafundisha Sala ya Bwana wamama ambao Kiswahili chao ni cha sokoni tu, na neno la kwanza kabisa ni Baba.

Mmoja wa hao wamama bado yuko. Alinieleza kwamba kwa miezi mingi aliamini wageni wamekuja na habari za Mama aliye juu. "Nikasema sawa, huyo atanielewa," akaniambia. "Nilikuwa nimechoka na wanaume wa huku chini." Siku walipofundishwa sala hiyo hiyo kwa Ekegusii, ikaanza na Tata, yeye aliguna tu. Kumbe ni wale wale. Lakini alikuwa ashazoea kwenda, na akabaki.

Nilikusanya stori za namna hii kwa miezi minne. Usharika wa nyumbani, ambao siutaji jina kwa sababu utakazoziona mbele, ulitaka kitabu kidogo cha kumbukumbu: kurasa 20 hivi, picha za wachungaji, orodha ya waanzilishi, tarehe ya mabati ya kwanza. Kamati ilinipa mimi kazi kwa sababu mbili. Ninaandikia watu vitu kwa malipo, na chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo nyumbani wanaamini nina muda mwingi kuliko watu wote. Malipo yalikuwa nauli na chai. Nilikubali.

Kwanza uelewe sisi ni nani. Ukimwambia mtu wewe ni Mkisii na unaenda kanisani, atakuuliza kama ni Msabato au Mkatoliki. Hakuna anayekisia Mlutheri. Waadventista walifika Gendia, kwenye ufuo wa Ziwa, mwaka 1906: Arthur Carscallen kutoka Kanada na Peter Nyambo, Mmalawi ambaye watu humsahau. Baada ya miaka michache walikuwa Nyanchwa, na mapadri wa Mill Hill walikuwa Nyabururu. Sisi tulichelewa vibaya. Waswidi wetu walifika Itierio mwaka 1948. Shirika lao lilizaliwa 1911 Uswidi, la watu waliojitenga kwa sababu waliona wenzao wanaichezea Biblia, na kabla ya kufika kwetu walikuwa wamefanya kazi Eritrea na Ethiopia.

Kwa hivyo usipige picha ya Wazungu wakishangaza kijiji. Mzee wa miaka 60 mwaka ule alikuwa ashaona yote. Alikuwa kijana 1908, Otenyo alipomchoma mkuki Northcote, afisa wa serikali ya kikoloni. Alikuwepo Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipopigana Kisii mjini, Waingereza wakaondoka kwa muda, na watu wakaingia misheni zote mbili wakabeba walichoweza. Mzungu mwenye kitabu halikuwa jambo jipya. Nilipowauliza wazee kwa nini basi wao walijiunga, na tena na kanisa ambalo hata jina lake lilikuwa gumu kutamka, nilitegemea majibu makubwa ya imani. Nilipata haya:

Mmoja alisema ilikuwa karibu. Ukienda kwa Wasabato unavuka mto, na mto ulikuwa unajaa.

Mwingine alisema Wasabato walikuwa wanamsumbua kuhusu chai, na yeye na chai hawawezi kuachana.

Wa tatu alisema kulikuwa na sista Mswidi aliyemtibu mtoto wake jicho, na mtoto akapona, na yeye akaona ni adabu mbaya kutoenda kusikiliza mtu wa namna hiyo anaabudu nini.

Wa nne, mama mmoja mfupi mkali, alisema: "Walikuwa wanaimba vizuri. Wewe unataka nikuambie nini kingine?"

Hapo ndio nilianza kuwapenda. Wanahistoria wa kanisa wanaandika kama watu walikuwa wanachagua mafundisho. Hawa walichagua mto, chai, jicho na wimbo, na mafundisho yakawakuta ndani.

Kuhusu siku ya kwanza yenyewe, hawaelewani. Wanaume watatu niliowahoji wanaapa ibada ya kwanza ilikuwa chini ya omotembe, ule mti wenye maua mekundu na miiba, na wanaweza kukuonyesha mahali uliposimama. Wanawake wote niliowahoji wanasema ilikuwa jikoni. Jiko la nani, watakuambia: la mke wa pili wa mzee mwenye shamba. Sababu yao ni rahisi na sijaona jinsi ya kuipinga. Ilikuwa mchana, na Kisii mchana mvua inakuja. "Hao wanaume wanakumbuka mti kwa sababu walikuwa wamesimama nje wakiongea," mmoja akasema. "Sisi tulikuwa ndani na mwinjilisti, nguo zake zinakauka kwa moto."

Vitu vingine wanakubaliana wote. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa waya, na mvulana aliyeigonga aliheshimiwa kuliko mwalimu. Wanaume walikaa kushoto na wanawake kulia, juu ya magogo. Sadaka ilikuwa mayai, wimbi, kuku aliyefungwa miguu, na baada ya ibada vinapigwa mnada, na kuna mama alikuwa ananunua kuku wake mwenyewe kila mwezi kwa sababu alimtoa kwa hasira za imani halafu akamkumbuka. Mabati ya kwanza yalitoka kwa pesa ya pareto. Kila nyumba ilileta ilichouza, na kuna familia moja bado inahesabu mabati mawili ya upande wa mashariki kuwa yake.

Kulikuwa pia na mzee mpiga obokano, ile zeze yetu kubwa ya nyuzi nane inayounguruma kama ng'ombe. Obokano ilikuwa mali ya vilabu, pale watu wanapoketi kuzunguka chungu cha amarwa na mirija mirefu. Mwinjilisti alimwambia achague. Mzee alitundika obokano ukutani, akabatizwa, akawa mzee wa kanisa kwa miaka 30. Mjukuu wake aliniambia kuwa usiku alikuwa anaishusha, anaishika tu magotini, hagusi nyuzi. Sasa siku hizi usharika una kinanda na spika mbili, na vijana wanapiga rumba tupu na kubadilisha maneno.

Nilikuwa na vitu vizuri, unaona. Ningeweza kuandika kurasa 20 za kuchekesha na kupendeza, kila mtu afurahi. Shida ilianza nilipofungua daftari la ubatizo ili niandike orodha ya waanzilishi.

Daftari ni jeusi, limeliwa na panya kona moja, mwandiko wa wino wa buluu. Kila mtu ana namba. Majina ya kwanza ni 14, wanaume 9 na wanawake 5. Mwenyekiti wa kamati aliniambia hao ndio waanzilishi, nakili kama walivyo. Nilinakili. Halafu nikatafuta jina la mwenye jiko, yule mke wa pili ambaye ibada ya kwanza ilifanyika kwake. Halipo ukurasa wa kwanza. Halipo wa tano. Nilimpata ukurasa wa 19, mwandiko wa mtu mwingine kabisa, miaka mingi baadaye, wakati mumewe alikuwa ameshakufa na kuzikwa.

Huyo mama ni nyanya yangu. Tunamwita Magokoro.

Mambo yalikuwa hivi. Babu yangu alikuwa na wake wawili. Waliposikia Neno, wote watatu walilipenda, au angalau walipenda kwenda. Babu ndiye aliyetoa kipande cha shamba ambacho kanisa limesimama mpaka leo. Lakini mume wa wake wawili hakubatizwa, labda abaki na mmoja. Mke wa kwanza, kwa sababu aliolewa kwanza, alihesabiwa kuwa mke kweli. Yeye aliruhusiwa kusoma darasa, akabatizwa, akapata kipaimara, akaenda Mezani. Yeye ni namba 6. Mke wa pili aliambiwa anaweza kuja kusikiliza. Kulikuwa na jina la watu kama yeye: wasikilizaji. Walikaa magogo ya nyuma karibu na mlango, na wengine walipoinuka kwenda kupokea Chakula cha Bwana, wao walitoka nje au waliinamisha vichwa.

Ng'ombe za mahari za Magokoro zilikuwa zimeshatoka, zimeshazaa, zimeshaozesha kaka zake. Hakuna mtu angezirudisha. Babu alikataa kumwacha yeyote, na akabaki msikilizaji pia, kwenye shamba lake mwenyewe, mpaka mwinjilisti alipombatiza kitandani siku chache kabla hajafa.

Na kila Jumamosi, kwa miaka hiyo yote, Magokoro ndiye aliyekuwa anasiriba sakafu ya kanisa na mavi ya ng'ombe, ili iwe safi Jumapili kwa wenye namba.

Nilimuuliza kama iliuma. Alinitazama kama mtu anayepima kama mtoto ana akili za kutosha. "Walitufundisha kwamba neema hainunuliwi," akasema. "Halafu wakatuambia bei."

Nataka kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu ni rahisi sana kwa mtu wa rika langu kukaa Nairobi na kuwahukumu watu waliokufa. Nilienda kwa mzee mmoja ambaye baba yake alikuwa mwinjilisti wa siku zile. Aliniambia baba yake hakulala usingizi juu ya jambo hili. Sheria haikuwa yake, na haikuwa ya Walutheri peke yao; misheni nyingi Afrika zilikuwa na sheria ya aina hiyo. Na kulikuwa na njia mbaya zaidi. Alinieleza kuhusu mwanamume mmoja wa ridge ya pili ambaye alitaka ubatizo kiasi kwamba alimrudisha mke wake mdogo kwao, na watoto watatu, mmoja bado ananyonya. Akabatizwa Pasaka iliyofuata, wimbo ukaimbwa. "Baba yangu aliimba na machozi," mzee akasema, "na watu walifikiri ni furaha."

Yule mwanamume ni namba 4. Ni mwanzilishi. Kitabu kilikuwa kinahitaji picha yake.

Nilirudi kwenye kamati na pendekezo. Tuandike waanzilishi kwa kumbukumbu za watu waliokuwepo, tusiandike kwa daftari peke yake. Mwenyekiti ni mtu mzuri, mwalimu mstaafu, amenijua tangu nikiwa na kamasi. Alisema, "Binti yangu, tukianza kuandika kila aliyekuwepo, tutaandika na kuku. Anayetambuliwa ni aliyebatizwa. Hiyo ndiyo maana ya daftari." Mzee mwingine akaongeza kwamba jambo la wake wengi litatuaibisha mbele ya wageni, na labda kutakuwa na Waswidi.

Niliwaza kuhusu hao Waswidi. Kanisa la Uswidi lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1960, wakati Magokoro anasiriba sakafu. Lakini wale waliotuletea Injili walitoka upande wa kule usiotaka mabadiliko kama hayo, na kanisa letu limebaki nao: mchungaji ni mwanamume. Februari 2005, Walter Obare Omwanza, askofu wa kanisa letu wakati huo, alisafiri mpaka Göteborg na kumweka wakfu Arne Olsson kuwa askofu wa kundi la Walutheri wa Uswidi ambao hawakubali wachungaji wanawake. Nyumbani watu wengi wanajivunia hilo, na sielewi vibaya kwa nini. Miaka 57 baada ya Itierio, Mkisii alienda kuwapa Waswidi askofu. Njia iligeuka. Mimi nikisoma habari hiyo najikuta nikiwatafuta wanawake ndani yake, na nawapata pale pale walipokuwa: ndio wanaojadiliwa.

Nilimpelekea Magokoro nakala yangu ya kwanza nikamsomea. Niliitetea nafasi yake vizuri, nilidhani. Nilikuwa nimeandika kwamba yeye ndiye mwanzilishi halisi, jiko lake, sakafu yake, miaka yake mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimeandika kama mtu anayegombania shamba.

"Mkubwa yuko wapi?" akauliza.

Mkubwa ni mke mwenza wake. Tulimzika nikiwa darasa la pili. Nilisema yuko, ni namba 6, yeye hana shida.

Hapo ndipo Magokoro alinipa stori ambayo sikuwa nimeipata kwa miezi yote minne, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Mkubwa alikuwa anaenda darasa la ubatizo Jumanne na Alhamisi. Jioni, wakipepeta wimbi, alikuwa anarudia kwa Magokoro kila alichofundishwa. Katekisimu Ndogo, ambayo Luther aliitoa 1529 ili baba mwenye nyumba awafundishe wa nyumbani mwake, inaenda kwa maswali: unataja amri, halafu unaulizwa maana yake. Mkubwa alikuwa anauliza, Magokoro anajibu. Akikosea, anapigwa ungo kidogo kichwani. Walimaliza amri, wakamaliza imani, wakamaliza sala, wakafika kwenye sakramenti ambazo mmoja wao alikuwa amefungiwa. Hawakuruka. Mkubwa alimfundisha na hizo.

"Kwa hivyo ulipoingia darasa mwishowe, ulikuwa unajua yote?" nikauliza.

"Mchungaji alikuwa kijana mdogo. Nilimsahihisha mara mbili."

Na kitu kingine. Jumapili, Mkubwa akitoka Mezani, hakurudi mbele kwa wenye namba. Alitembea mpaka nyuma akaketi gogo la mlangoni na mwenzake, ibada ikaisha hivyo. Wazee wa kanisa walimkanya. Aliwaambia mgongo unamuuma na gogo la nyuma lina kiegemeo, ukuta. Mgongo ulimuuma kwa zaidi ya miaka 20.

Niliwauliza wengine. Yule mama aliyechoka na wanaume wa huku chini alicheka mpaka akashika mbavu. Kila mtu alijua habari ya mgongo. Haikuandikwa popote kwa sababu daftari halina safu ya mahali mtu alipoketi.

Nilirudi kamati na kitu kidogo zaidi. Ukurasa wa 7 ubaki kama walivyotaka: waanzilishi 14, namba kwa namba. Ukurasa wa 8 nipewe mimi, kichwa chake kiwe "Wasikilizaji wa Kwanza", bila maelezo, majina peke yake. Mwenyekiti alikaa kimya. Halafu akauliza kama mama yake mzazi angeingia hapo. Nilimwambia jina lake nimeshaliandika, ni la tatu kutoka juu. Alikuwa mke wa tatu wa mtu. Mwenyekiti alitoa miwani, akaifuta, akasema tuendelee na ajenda ya viti.

Habari za ukurasa wa 8 zilisambaa kabla hata hatujaenda kwa mchapaji. Nilianza na majina 11. Simu zikaanza. Mwanamke mmoja alinipigia kutoka upande wa Nyamira, Msabato, sauti ya mtu aliyejiandaa. Alisema mama yake alirudishwa kwao na watoto watatu, na yeye ndiye aliyekuwa ananyonya. Mama yake hakuwahi kuingia tena kanisa lolote mpaka uzeeni. "Lakini kabla ya hapo alikuwa anakaa hapo nyuma," akasema. "Alikuwa anatuimbia hizo nyimbo zenu. Muandikeni." Nilimuandika. Picha ya namba 4 iko ukurasa wa 7, na kurasa hizo mbili ni pande mbili za karatasi moja, mgongo kwa mgongo.

Tulipopeleka kwa mchapaji majina yalikuwa 37. Juu kabisa nimemweka Mkubwa, kwa amri ya Magokoro, ambaye alisema bila hilo nisiandike jina lake kabisa. Kwa hivyo kuna jina moja tu linalotokea kote kuwili, namba 6 ukurasa wa 7 na la kwanza ukurasa wa 8. Mchapaji alifikiri nimekosea, akampigia mwenyekiti, mwenyekiti akanipigia mimi.

"Huyu mama mmemrudia," akasema.

Nilimwambia ndio, tumemrudia.